Nyama ya leo, meno ya kesho: dhana potofu kuhusu misuli kukakamaa

Katika bucha za Mwanga, Kigoma, sifa ya kwanza ya nyama ni kwamba "imechinjwa leo". Mteja akiona mnofu wa paja unachezacheza mezani, hataki kuonyeshwa mwingine. Mchana mnofu uleule unawashinda watu meno, na lawama inakwenda bucha: katuuzia ng'ombe mzee. Huenda kweli alikuwa mzee. Lakini mara nyingi nyama hiyo imepikwa katika saa zake mbaya kuliko zote, na hakuna aliyemwambia mpishi.

Dhana: Nyama inayocheza bado ina uhai ndani yake.

Mnyama amekwisha kufa. Kilichobaki ni akiba ya nishati ndani ya msuli. Kila uzi wa msuli una protini mbili, aktini na mayosini, ambazo hushikana na kuachiana. Ndivyo msuli unavyojikunja na kulegea. Wengi hudhani nguvu inahitajika wakati wa kuvuta tu, kumbe hata kuachia kunahitaji nishati, nayo hutoka kwenye molekuli iitwayo ATP. Moyo ukisimama, oksijeni haifiki tena. Msuli unaendelea kujitengenezea ATP kidogo kwa kuvunja glaikojeni, sukari uliyojiwekea, na humo inazalishwa asidi ya laktiki, hata pH ya nyama (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) inashuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Akiba ikiisha, mayosini iliyoishika aktini haina tena cha kuifanya iachie. Msuli unakaza hapohapo.

Kwa ng'ombe jambo hili huchukua saa kadhaa, na hukamilika ndani ya siku moja. Nguruwe humtangulia. Kuku hukakamaa ndani ya saa moja hivi.

Dhana: Ni baridi, au ni damu iliyoganda.

Sivyo. Mnyama aliyechinjwa akatoka damu yote hukakamaa vilevile, na joto ndilo linaloharakisha. Kwa binadamu ni hivyohivyo: taya huanza kukaza saa chache baada ya kifo, mwili mzima hukaza ndani ya saa 12 hivi tangu kifo, kisha hulegea tena baada ya siku moja au mbili, na mapema zaidi kwenye joto. Ndiyo maana wazee hawacheleweshi kumfunga maiti taya na kumnyoosha miguu. Na maiti aliyelegea tena asizushiwe maneno. Hiyo ni hatua inayofuata tu.

Dhana: Nyama iliyochinjwa leo ndiyo laini.

Hapa ndipo tunapopoteza nyama nzuri. Ng'ombe aliyechinjwa saa kumi alfajiri, akafika jikoni saa nne na sufuria ikainjikwa kwa ajili ya chakula cha mchana, anapikwa wakati misuli inakaza. Kulegea kunakuja baadaye, tena si kwa sababu mayosini imeachia. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe hukatakata viungo vya nyuzi, polepole. Nyama ya ng'ombe ikitunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4 huzidi kulainika kwa wiki moja mpaka mbili, na wenye mahoteli makubwa huisubiri kwa makusudi.

Sisemi uiache mezani jikoni. Kwa joto letu bakteria watakuwahi. Lakini mwenye friji aiweke humo siku mbili, ikiwa imefunikwa, ndipo aipike. Kuku wa mgeni naye, badala ya kuchinjwa mgeni akishafika na kutumbukizwa chunguni palepale, achinjwe asubuhi, akae kwenye friji, apikwe jioni.

Dhana: Nyama ya moto iwahi kwenye friza.

Ukifanya hivyo, unaikaza zaidi. Huko New Zealand, mwaka 1963, watafiti Locker na Hagyard walionyesha kwamba msuli wa ng'ombe ukipozwa karibu na nyuzi 0 kabla haujakakamaa, unajikunja vibaya sana; katika nyuzi 14 hadi 19 ulijikunja kidogo kuliko kote. Na hatari ni kubwa zaidi kwa kilo yako moja ya steki kuliko kwa paja zima linaloning'inia. Paja limeshikwa na mfupa, msuli hauna pa kwenda. Steki iliyotolewa mfupani haina kinachoizuia kujikunja. Ukiigandisha kabla haijakakamaa, itakaza siku utakayoiyeyusha, na itachuruzika maji mengi. Iache kwanza kwenye friji mpaka kesho yake, ndipo uigandishe.

Dhana: Mnyama akitendewa vyovyote kabla ya kisu, nyama ni ileile.

Ng'ombe aliyeswagwa kutwa bila kupumzika, akapigwa fimbo mpaka machinjioni, anakuwa amemaliza glaikojeni yake. Asidi inapungua, pH inabaki juu ya 6, na nyama inatoka nyeusi, inanata, inaoza haraka. Watu wakiona weusi huo husema kibudu, kumbe huenda ni uchovu. Kwa hiyo angalia muhuri wa mkaguzi kabla ya kuhukumu. Mafundisho ya kuchinja ambayo watu wa Ujiji wameyashika vizazi na vizazi, kunoa kisu vizuri na kutomtesa mnyama, yana faida hii pia, na inasikitisha kuona yanapuuzwa kwa sababu ya haraka.

Dhana: Samaki mkakamavu ametiwa dawa.

Shuka Kibirizi asubuhi, mitumbwi ikirudi na taa zake. Mshike mgebuka kichwani, umlaze hewani. Akibaki amenyooka, mkia haulegei, macho yanang'aa na mashavu ni mekundu ndani, huyo hana hata siku moja tangu afe. Mnunue. Aliyelegea anaweza kuwa bado ni mzuri, lakini saa zake zimesogea. Aliyehangaika sana wavuni hukakamaa mapema, kwa sababu nishati yake aliimalizia humo. Kama amekakamaa akiwa amepinda, usimnyooshe kwa nguvu ili aenee kwenye beseni. Minofu inapasuka kwa ndani, na ukimkaanga inatengana.

Dhana: Papai bichi linatibu ugumu wote.

Papai lina kimeng'enya kinachokata protini, na linasaidia kweli. Ila haliingii mbali, kwa hiyo kata vipande vidogo, na usiilaze nyama nalo usiku kucha kwani nje itakuwa uji. Ugumu wa ng'ombe mzee ni jambo jingine: hiyo ni kolajeni, utando unaofunga misuli, na kukaa kwenye friji hakuupunguzii sana. Huo unataka maji, moto mdogo na saa mbili au tatu, mpaka uyeyuke uwe mlenda ndani ya supu.