Hapana, Marekani haigawi robo ya bajeti yake kwa misaada

Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu: eti Marekani huipa dunia robo ya bajeti yake, kwa hiyo ubabe wake ni wa heri. Si kweli. Kwa miaka mingi hadi 2023, misaada ilikuwa karibu asilimia 1 tu ya matumizi ya serikali yake. Bajeti yao iko wazi mtandaoni. Chukua kikokotoo ugawanye mwenyewe.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Gunia la chakula lenye nembo yao unaliona kwa macho, bajeti huioni. Na hiyo asilimia 1 si haba: dawa za VVU zimeokoa mamilioni, ingawa hilo halifuti vita vya Iraq vya 2003. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.