Kuseti tapeti za injini ndogo ya silinda mbili: yanayosemwa na ukweli wake

"Tapeti zikilia, kaza mpaka zinyamaze." Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inaua injini nzima. Kuseti tapeti ni kuweka nafasi ndogo kati ya vali na mkono unaoisukuma. Vali ya eksozi hupigwa na gesi ya moto mkali, na sehemu kubwa ya joto hilo huliachia pale inapokaa kwenye kiti chake. Ukiinyima nafasi hiyo haifungi sawasawa, joto halina pa kwenda, ukingo unaungua, kompresheni, yaani mgandamizo, inapotea. Tapeti iliyolegea angalau inapiga kelele ukaisikia. Tena si kweli kwamba nafasi huongezeka tu kwa uchakavu: kiti kikilika, vali inazama na nafasi inapungua.

"Pistoni zote mbili zikiwa juu, seti vali zote nne." Hapana. Hata pale pistoni zinapopanda pamoja, moja inamaliza mgandamizo na nyingine inamaliza kutoa moshi, vali zake zikiwa bado hazijatulia. Shika silinda moja kwanza. Toa plagi, zungusha injini kwa mkono kuelekea upande inakozungukia kawaida, tazama vali ya kuingiza ikifunguka na kufunga, kisha fuata pistoni hadi juu. Kama kemshafti, yaani shafti inayofungua vali, ina dekompresa, yaani kinundu kidogo kinachoinua vali kidogo wakati wa kuwasha, hapo juu hasa panaweza kukudanganya. Ndiyo maana kwa injini nyingi za Briggs & Stratton unatakiwa kuipitisha pistoni, ishuke kama milimita 6, ndipo upime.

Dekompresa hiyohiyo ndiyo inayofanya watu wanunue betri bure. Stata inazungusha, inakwama, inajikongoja. Wanasema betri imekufa. Inaweza kuwa imekufa kweli, lakini nafasi ikizidi, kile kinundu hakiifikii vali na stata inapambana na mgandamizo wote. Pima tapeti kabla ya kutoa hela.

Namba moja kwa kila injini? Haipo. Fuata kitabu cha injini yako. Mara nyingi eksozi hupewa nafasi kubwa zaidi, mathalani milimita 0.15 kwa 0.10 ya kuingiza. Injini nyingi ndogo hupimwa zikiwa baridi kabisa.

Na fila, yaani kibamba chembamba cha kupimia nafasi, kupita tu hakutoshi. Inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, na iliyo nene zaidi ikatae. Ukishakaza nati inayofunga skrubu ya kusetia, pima upya, maana nati ikikazwa huvuta skrubu nayo.