Je, wajua ni nini kinachoifunga Lubumbashi na Dar es Salaam?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, niliamini, kama walivyoamini wengi, kwamba hapo ndipo Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba kusini-mashariki mwa nchi hiyo, ilipoanza kuwa sehemu ya ukanda wetu. Nilikosea, na kosa hilo linastahili kuchunguzwa, kwa sababu limejengwa juu ya dhana kwamba kanda huzaliwa mezani, marais wanapotia saini, kisha biashara ikafuata.

Tazama ramani. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Morogoro, Iringa na Mbeya, huvuka mpaka Tunduma, kisha hukatiza Zambia hadi Kasumbalesa ndipo liingie Kongo. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barabara inayowaunganisha wanachama hawa wawili, basi, hupita katika nchi ambayo haimo, na malori yalikuwa yakiitumia miaka mingi kabla ya 2022. Sisemi kwamba mikataba haina kazi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilikusudiwa kupunguza muda ambao madereva hukaa mpakani. Lakini kilijengwa kwa sababu foleni ya malori ilikuwapo tayari, nacho kilitokana na makubaliano ya Tanzania na Zambia zenyewe.

Mpaka wa nchi nao hauelezi mengi. Lubumbashi na Kinshasa zina bendera moja, lakini mzigo unaofuata njia ya zamani ya ndani ya nchi husafiri kwa reli hadi Ilebo, hushushwa, hupakiwa katika vyombo vya mtoni hadi Kinshasa, hushushwa tena, kisha hupanda reli nyingine hadi bandari ya Matadi, kwa kuwa Mto Kongo una maporomoko kati ya Kinshasa na bahari. Kila kushusha na kupakia ni gharama.

Mvuto wa upande wa mashariki ni wa kale. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alitawala Katanga, eneo iliko Lubumbashi leo, akiwa Bunkeya, na shaba na pembe za ndovu zilifika pwani kwa misafara. Baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA (1968), kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, kisha reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 ili Zambia isiitegemee Rhodesia (Zimbabwe ya leo).

Kiini chenyewe, kwa maoni yangu, ni mzigo wa kurudi. Mfikirie mwenye bodaboda anayeombwa kumpeleka abiria kijiji cha mbali usiku. Hutaja nauli kubwa, maana anajua atarudi peke yake, na mafuta ya kurudi lazima mtu ayalipe. Lakini abiria huyo akienda siku ya gulio, ambapo kijijini wako watu wanaosubiri kuja mjini, nauli hushuka, ingawa njia ni ileile na mashimo ni yaleyale. Malori nayo ni hivyo. Yanapopeleka nguo, mashine na salfa inayotumika migodini, halafu yakakuta shaba inasubiri kushuka baharini, gharama ya safari nzima hugawanywa pande mbili. Nauli ikipungua, wafanyabiashara wengi zaidi huagiza kupitia njia hiyo, malori huongezeka, na nauli hupata nafasi ya kushuka tena. Ukanda hukazwa hivyo, safari kwa safari.

Shaba hiyo ni rahisi kutoiona. Hubebwa katika mabamba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na kwa kuwa shaba ni nzito mno, tani 30 hazifiki hata mita za ujazo 3.5. Mtu aliyesimama kando ya barabara huona tela lenye kitu kifupi chini ya turubai na kudhani kwamba lori linarudi karibu tupu, kumbe limefikia uzito wake wote.

Maelezo haya yana mipaka. Lori la tenki lililopeleka dizeli haliwezi kurudi na mabamba ya shaba, kwa hiyo nauli ya mafuta hubeba kwenda na kurudi. Tena nguvu inayovuta kamba hii iko mbali: sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Kongo huishia China, na mahitaji ya huko yakilegea, hata Tunduma hupungukiwa malori.

Kamba inaweza pia kuvutwa upande mwingine. Reli ya Benguela, inayotoka Lobito nchini Angola kuelekea Katanga, ilikatwa na vita kuanzia 1975, na shaba ikalazimika kutafuta bahari kusini na mashariki. Reli hiyo imefufuliwa, mwaka 2023 ikakabidhiwa waendeshaji wapya, na Marekani na Ulaya zinaiunga mkono. Kwa safari ya kwenda baharini ni mshindani wa kweli, kwa sababu ni fupi. Ninachokitazama mimi ni behewa linalorudi bara: litajazwa nini? Dar es Salaam ina Kariakoo, ambako mfanyabiashara wa Lubumbashi huchagua vitenge na simu, akapatana bei kwa Kiswahili chake cha Katanga, kisha akatafuta lori linalopanda kuifuata shaba.