Je, wajua polisi humjuaje aliyeketi mbele ya kompyuta ya mbunge?

Tarehe 1 Desemba 2017, mpelelezi mstaafu wa Polisi wa London, Neil Lewis, alitokea kwenye BBC na kusimulia alichokikuta miaka 9 nyuma katika kompyuta ya ofisi moja bungeni: maelfu ya picha za ngono. Ofisi ilikuwa ya Damian Green, ambaye siku hiyo Lewis anazungumza alikuwa mtu wa pili serikalini nyuma ya Waziri Mkuu Theresa May. Green alikana katakata. Hakupakua, hakutazama. Lewis naye alishikilia kwamba kudai ni mtu mwingine ni kichekesho.

Nani wa kuaminiwa hapo? Kompyuta haina macho. Inajua ni nywila gani imeingizwa, saa ngapi, na tovuti zipi zimefunguliwa, lakini kidole kilichobofya ni cha nani, haijui. Sasa mpelelezi alipata wapi uhakika wote ule?

Kwanza tuweke sawa namna kompyuta yenyewe ilivyofika mikononi mwa polisi, maana picha hazikuwa zimewapeleka huko. Novemba 27, 2008, Green, wakati huo msemaji wa upinzani kuhusu uhamiaji, alikamatwa kwa tuhuma za kupokea nyaraka zilizovuja kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Ofisi yake ya bungeni ikapekuliwa bila hati ya mahakama, kwa ruhusa tu ya ofisa wa Bunge, na wabunge wa pande zote wakaja juu. Aprili 2009 Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kuwa hakuna kesi. Mkurugenzi huyo alikuwa Keir Starmer; ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 2024. Picha nazo zikawekwa kando, kwa sababu zilikuwa za watu wazima na nchini Uingereza mtu mzima kuzitazama si jinai. Msomaji wa Tanzania, ambako Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayechapisha picha za ngono mtandaoni, alikumbuke hilo asije akashangaa kwa nini polisi hawakufungua faili la pili.

(Na waziri ambaye wizara yake ilikuwa ikivuja, Jacqui Smith, naye hakusalimika. Machi 2009 ilifichuka kuwa bili ya pauni 67 aliyoomba Bunge limrudishie ilikuwa na filamu 2 za ngono alizoagiza mumewe. Akaomba radhi na kuahidi kulipa.)

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mpelelezi anayejua kazi yake haiwashi na kuanza kubofya huku na huku, kwa sababu kuiwasha tu kunabadilisha tarehe za mafaili kadha wa kadha, na wakili wa upande wa pili anangojea kosa kama hilo. Anachomoa diski, anaiunganisha kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, kisha ananakili kila kilichomo, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Hizo tupu ndizo zenye maneno mengi. Katika diski za enzi zile, ukifuta faili kompyuta haikuondoa kilichomo. Iliandika tu kwamba nafasi ile iko huru kutumiwa tena. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, picha ya mwezi jana ipo palepale.

Halafu kuna akiba ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Ukifungua ukurasa, kivinjari hujiwekea nakala za picha zake ili siku nyingine ukurasa ufunguke upesi. Hukuombwa ruhusa, na pengine hujui kama jambo hilo linafanyika. Ukurasa wenye vijipicha 100 unaacha mafaili 100 kwa mbofyo mmoja. Ndiyo maana neno "maelfu" linatisha kuliko inavyostahili: picha 3,000 katika akiba huenda ni kurasa 30 tu. Kwa upande mwingine, mtu anayedai hakupakua chochote anaweza kuwa anasema kweli kwa kadiri ya ufahamu wake, ilhali diski yake imejaa.

Kwa hiyo idadi haimtambulishi mtu. Kinachomkaribia ni mfuatano wa saa. Chukua mfano wa kubuni. Saa 4:02 asubuhi barua pepe inatoka kwenye anwani binafsi ya mwenye ofisi, akimjibu mpiga kura kuhusu barabara mbovu. Saa 4:05 tovuti ya ngono inafunguliwa. Anwani yake imeandikwa kwa mkono, haikujileta yenyewe kama tangazo. Saa 4:19 hotuba ambayo haijakamilika inafunguliwa na aya mbili zinaongezwa. Saa 4:26 tovuti ile tena. Ukitaka kusema ni karani, inabidi karani huyo awe aliingia dakika 3 baada ya bosi kutuma barua, akatoka, bosi akaandika hotuba, karani akarudi. Mara moja inawezekana. Siku baada ya siku, hapana. Lewis alisema mpangilio wa aina hii ndio aliouona: katikati ya kuperuzi kulikuwa na barua pepe za Green na nyaraka zake, kwenye akaunti yake, kompyuta ikiwa mezani kwake.

Ushahidi wa namna hii una nguvu, lakini bado ni wa kukisia kutokana na mazingira. Haukuwahi kupimwa mahakamani, na aliyeutoa alikuwa mstaafu akizungumza na televisheni kuhusu jambo ambalo halikuwa kosa. Mkuu wa Polisi wa London, Cressida Dick, alimkosoa hadharani. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kukasirika: polisi wakipekua ofisi ya mwanasiasa kwa sababu moja, kisha kumbukumbu za jambo jingine zikabaki na mpelelezi hata baada ya kustaafu, hakuna mpinzani atakayelala usingizi.

Siku iliyofuata mjadala ukapata kituko chake. Mbunge Nadine Dorries, akimtetea Green, aliandika kwenye Twitter kwamba wafanyakazi wake huingia kwenye kompyuta yake kwa nywila yake kila siku, hata vijana waliokuja kwa mafunzo ya muda. Mwenzake Nick Boles akaongeza kwamba yeye mara nyingi husahau nywila yake, inabidi awaulize wasaidizi. Walikusudia kuonyesha kuwa mtu yeyote angeweza kuketi mbele ya kompyuta ya mbunge. Hoja hiyo kweli inatikisa kumbukumbu za nywila, lakini mfuatano wa saa haiugusi. Walichofanikiwa ni kuitangazia dunia kwamba barua za wapiga kura wao, zenye siri za magonjwa, madeni na ndoa, zinasomwa na kila apitaye, kinyume na kanuni za Bunge lenyewe kuhusu nywila. Septemba 2021 Dorries aliteuliwa kuwa waziri anayesimamia masuala ya kidijitali.

Utakutana pia na takwimu. Januari 2018 ilitangazwa kwamba tangu uchaguzi wa Juni 2017 mtandao wa Bunge la Uingereza ulikuwa umezuia majaribio 24,473 ya kufungua tovuti za ngono. Mwaka 2016 yalikuwa 113,208, na mwaka uliotangulia 213,020. Usiwapige mawe wabunge kwa hesabu hizo. Kichujio huhesabu maombi, na ukurasa mmoja wenye matangazo ya hovyo hutuma maombi kadhaa bila wewe kugusa kitu. Tena mtandao huo unatumiwa na maelfu ya wafanyakazi, na wageni huunganisha simu zao humo. Bunge lilisema mengi hayakuwa ya makusudi, na kiufundi hilo linaaminika.

Kuzuia tovuti hizo kazini nako kuna sababu isiyohusu aibu. Nchini Marekani, wakaguzi walieleza mwaka 2018 jinsi mtumishi mmoja wa shirika la serikali la utafiti wa jiolojia, katika kituo chake cha South Dakota, alivyotembelea zaidi ya kurasa 9,000 za ngono kwa kompyuta ya kazini na kuuingizia mtandao wa ofisi programu haribifu.

Basi Green aliangushwa na nini? Uchunguzi wa Ofisi ya Baraza la Mawaziri ulifanywa na Sue Gray, ofisa mwandamizi wa serikali, na haukumkuta na hatia ya kutazama. Kilichomponza ni taarifa zake mbili, za tarehe 4 na 11 Novemba 2017, kabla Lewis hajazungumza na BBC, zilizoashiria kwamba hakujua polisi walikuta picha. Alijua. Mawakili wa polisi walizungumza na mawakili wake mwaka 2008, na yeye mwenyewe alipigiwa simu mwaka 2013. Taarifa hizo zikaonekana si sahihi na za kupotosha, kanuni ya maadili ya mawaziri inayodai ukweli ikawa imevunjwa, na Desemba 20, 2017 akajiuzulu kwa kuombwa, bado akikana picha. Ubunge wa Ashford aliendelea nao hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa Julai 2024.

Simu ya mkononi imerahisisha mambo, kwa sababu siku hizi shahidi ni jirani wa kiti. Aprili 2022 wabunge wawili wanawake walimwona Neil Parish, mbunge na mkulima, akitazama ngono kwenye simu ndani ya Bunge. Alieleza kwamba mara ya kwanza alikuwa akitafuta matrekta akaangukia tovuti yenye jina linalofanana. Mara ya pili, akisubiri kupiga kura, alifungua kwa makusudi. Alikiri na kuondoka. Chama chake kilikuwa na ziada ya kura 24,239 jimboni humo, na uchaguzi mdogo wa Juni 23 ikayeyuka yote, kiti kikaenda kwa Liberal Democrats.

Huko Karnataka, India, Februari 2012, kazi ya mpelelezi ilifanywa na kamera za televisheni: zilimnasa waziri Laxman Savadi akitazama ngono kwenye simu ndani ya bunge la jimbo, kando yake akiwa C. C. Patil, aliyekuwa waziri wa wanawake na watoto. Wote wawili, na waziri wa tatu aliyehusishwa na simu hiyo, walijiuzulu kesho yake. Savadi alishindwa katika uchaguzi wa 2018. Agosti 2019, bila hata kuwa mjumbe wa bunge hilo, aliteuliwa kuwa naibu mkuu wa serikali ya jimbo hilo.