Mla mwani si mfagiaji

Mtu akianzisha tangi dogo la maji chumvi sebuleni, iwe Mbezi au Kigamboni, na kioo kikaanza kuota ukijani, ushauri anaopewa ni uleule: "Weka wala mwani, watasafisha." Usemi huo umeua wanyama wengi bila sababu, na umewavunja moyo watu waliokuwa na nia nzuri kabisa.

Mla mwani ni mnyama ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni mwani. Wamo konokono wengi wa baharini, baadhi ya kaa, na samaki kama tasi na kangaja. Maana inaishia hapo: inaeleza anachokula mnyama, haisemi lolote kuhusu usafi wa maji yako.

Mwani huota kwa sababu umepata mwanga na mbolea, hasa naitreti na fosfeti. Mbolea hiyo hutokana na chakula cha samaki kilichozidi, na kinyesi, na mara nyingine na maji yenyewe. Anayechota maji ya bahari karibu na mlango wa Mto Msimbazi wakati wa masika anapeleka nyumbani chumvi pamoja na uchafu wote ulioteremka na mto. Sasa konokono akikwangua mwani kwenye kioo, sehemu ndogo inajenga mwili wake na iliyobaki inatoka kama kinyesi. Bakteria wanakiozesha kinyesi kile, na mbolea inarudi majini. Kioo kimeng'aa, lakini hakuna kilichotoka ndani ya tangi.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanaijua tofauti hii vizuri. Wanachovuna kinatoka baharini na kuanikwa nchi kavu. Kinacholiwa na tasi kinabaki humohumo baharini, kimebadilika sura tu. Kwa hiyo kazi ya kusafisha tangi ni yako wewe mwenye tangi: kubadilisha sehemu ya maji kwa ratiba, kupunguza chakula, kung'oa mwani kwa vidole na kuutupa nje. Konokono anakusaidia kuuweka mwani mfupi kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ni msaada mkubwa, na ninawapenda sana wanyama hawa, ndiyo maana inaniuma wakibebeshwa mzigo usio wao.

Jambo la pili ni kwamba tunaita mwani vitu vingi ambavyo havilingani hata kidogo. Vumbi la kahawia linalofunika mchanga wa tangi jipya ni daiatomu, yaani mwani mdogo sana wa chembe moja. Konokono wanalila, na mara nyingi hupungua lenyewe tangi likikomaa. Ukijani mwembamba wa kwenye kioo ndio chakula chao hasa. Nyuzi ndefu za kijani konokono wengi huziacha, kwa hiyo zing'oe kwanza kwa mkono, kisha waachie vishina. Utando mwekundu unaoteleza na kubanduka kama ngozi si mwani, ni bakteria, na karibu hakuna mnyama utakayenunua atakayeugusa. Na ule ukoko mgumu wa rangi ya waridi juu ya mawe ni mwani wa kutunza, usiukwangue.

Kwa tangi la lita 60 hadi 100, kangaja na tasi wasahau. Tasi wa pwani yetu hupita sentimita 30 na ana miiba yenye sumu. Kangaja ni samaki wa kuogelea masafa, akibanwa huugua. Mimi ningeanza na konokono wa aina ya Trochus, kwa sababu moja ambayo wauzaji huisahau: akianguka chali anaweza kujigeuza. Wapo wengine, kama Astraea, ambao mara nyingi hushindwa na kufia palepale. Turbo anakula kwa bidii, ila ni mzito na huangusha vipande vya matumbawe visivyogundishwa. Wale konokono wadogo wa miambani wanaoachwa wazi maji yakipwa wanafaa, lakini funika tangi, maana kwao kutoka majini ni kawaida. Nassarius, anayejificha mchangani, huuzwa pamoja nao ilhali yeye hula mizoga na mabaki ya nyama. Kaa wanaoishi ndani ya makombe ya konokono wanakula mwani kweli, ila pia huua konokono ili kumvua kombe lake, basi watupie makombe matupu ya ziada. Na yule kambare wa kufyonza vioo vya maji baridi asiingizwe kwenye chumvi, atakufa.

Idadi ndipo ushauri ule unapoleta hasara kubwa. Ukijaza konokono kwa sababu mwani ni mwingi leo, mwani ukiisha wanabaki na njaa. Wakifa nyuma ya mawe wanaoza, amonia, sumu itokanayo na kuoza huko, inapanda, na mwani unapata mbolea mpya. Anza na wachache, waingize taratibu kwa kudondoshea maji ya tangi kwenye chombo chao, na kioo kikiwa cheupe wape kipande cha mwani mkavu usiotiwa viungo. Ukimtibu samaki kwa dawa yenye shaba, mtibu kwenye chombo kingine, kwani shaba huwaua konokono na kaa. Wala usiwatoe Mbudya au Bongoyo: maji yanayozunguka visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975.

Kwa hiyo rafiki yako akikutumia picha ya tangi lililoota ukijani, kabla hujamwambia aongeze wala mwani, muulize ni mwani gani, maji aliyachota wapi, na samaki wake wanalishwa mara ngapi kwa siku.