mg, mcg, ml: herufi ndogo kwenye dawa zinazochanganya wengi

SWALI: Daktari kaniandikia levothairoksini (dawa ya tezi ya shingo) 0.05 mg, nimeenda kuchukua nikapewa boksi limeandikwa 50 mcg. Je, nimepewa dawa isiyo yenyewe?

JIBU: Hapana, tulia, ni dawa ileile na kiasi kilekile. mg ni miligramu, yani gramu moja ukiigawa mara 1,000, alafu mcg ni maikrogramu, hapo unachukua ile miligramu moja unaigawa tena mara 1,000. Kwa hiyo 0.05 mg ukizidisha kwa 1,000 unapata mcg 50, basi. Ila umefanya vizuri mno kuuliza, maana anayechanganya mg na mcg hakosei mara mbili au tatu, anakosea mara elfu nzima. Kuna ile alama ya Kigiriki µg nayo ni maikrogramu hiyohiyo, ikiandikwa kwa mkono harakaharaka inasomeka kama mg, ndo maana inashauriwa iandikwe mcg. Na nukta jamani! .5 bila sifuri mbele mtu anasoma 5, na 5.0 anasoma 50.

SWALI: Nimeambiwa mtoto nimpe paracetamol ya maji "mili 120". Nipimeje?

JIBU: Usimpe kwanza. Hili ndo linaniumiza roho kuliko yote, tumezoea kusema "mili" tu, wakati mili yenyewe siyo kipimo, maana yake ni sehemu moja ya elfu, sasa ya elfu ya nini, ya gramu au ya lita? Geuza chupa usome ubavuni. Nyingi za watoto zimeandikwa 120 mg/5 ml, yani ndani ya kila mililita 5 za hayo maji kuna miligramu 120 za dawa yenyewe. Kwa chupa hiyo, ukiambiwa miligramu 120 unavuta ml 5 kwenye kile kibomba cha kupimia. Ukipima ml 120 umempa dozi 24 kwa mpigo, karibu gramu 3 za paracetamol, na hiyo inaweza kuua ini la mtoto mdogo. Na zipo chupa za 250 mg/5 ml, kwa hiyo kipimo cha chupa ya jana usikihamishie kwenye chupa mpya kwa mazoea, mpigie aliyekuandikia umuulize "mili ya nini?", wala usione aibu.

SWALI: Majibu yangu ya damu yana g/dL, fL na pg, ni nini hivi?

JIBU: Desi ni sehemu moja ya kumi, so dL ni desilita, sawa na ml 100. Hemoglobini (ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) 12 g/dL maana yake kwenye kila ml 100 za damu yako kuna gramu 12 za hemoglobini. Maabara nyingine itakuandikia 120 g/L, usishtuke ukadhani damu imeongezeka mara kumi, ni kitu kilekile. fL ni femtolita, kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu moja, mtu mzima huwa kati ya 80 na 100. pg ni pikogramu, uzito wa hemoglobini iliyomo ndani ya chembe moja. Vitu vidogo mno hivyo, femtolita moja ukiiandika kwa lita ni 0.000000000000001.

SWALI: Na "penisilini mega 2.4"?

JIBU: Mega ni milioni, kwa hiyo ni uniti 2,400,000. Penisilini ya sindano imezoeleka kupimwa kwa uniti, yani kipimo cha nguvu ya dawa, siyo kwa mg. Mega inaandikwa M kubwa na mili m ndogo, kwa hiyo usiandike Mg ukimaanisha miligramu, na ukiiona Mg kwenye karatasi ya maabara ujue hapo wamekupima madini ya magnesiamu.