Kwa nini kigari kinachoogelea huozeshwa na maji ya ndani, si ya nje?

Je, wajua kwamba kigari kilichoundwa kuvuka bwawa kinaweza kuharibiwa na mvua ya uani kuliko na bwawa lenyewe? Nazungumzia vile vigari vifupi vya matairi sita au manane manene, visivyo na usukani wala rafadha, vinavyotoka kwenye tope na kuingia majini bila kusita. Vya miaka ya 1960 na 1970 bado vinaokotwa vichakani na mabandani na watu wenye hamu ya kuvifufua. Na karibu kila kimoja hukutwa na ugonjwa uleule: bodi inaonekana nzima, tumbo limeoza.

Sababu ni kwamba bodi yake ni beseni. Beseni lisiloruhusu maji kuingia haliruhusu maji kutoka pia. Kigari kikiachwa nje bila turubai, kila mvua inaongeza lita kadhaa, majani yanaanguka humo na kuoza, na ule mchanganyiko unakaa miaka juu ya vyuma. Ziwani kigari hukaa nusu saa tu.

Ili kuelewa vyuma hivyo vinafanya nini humo ndani, anza na jinsi kinavyoelea. Chukua kigari cha kilo 250 kilichobeba watu wawili wa jumla ya kilo 150. Kinahitaji kusukuma pembeni lita 400 za maji ili kielee. Kama beseni lake lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, litazama sentimita 20 tu, na hapo sijahesabu matairi, ambayo nayo ni maboya. Upepo wa matairi hayo ni mdogo ajabu, kama PSI 2 au 3, wakati tairi la gari dogo la kawaida hujazwa takriban 30. Tairi laini hivyo hutandazika juu ya tope badala ya kulichimba, na majini meno yake hugeuka makasia. Mwendo wa majini ni kama kilomita 4 au 5 kwa saa. Mtu anayetembea kwa haraka ukingoni anakiacha.

Sasa angalia hizo sentimita 20. Ekseli zinapita humo humo, chini ya usawa wa maji. Kigari cha matairi sita kina matundu sita yaliyotobolewa kwenye beseni, na kinachozuia maji pale ni beringi, sili ya mpira na grisi. Ndiyo maana wenye vigari hivi hupiga grisi baada ya kuogelea: grisi mpya inayosukumwa kupitia nipo (kichuchu cha kuingizia grisi) hufukuza maji yaliyojipenyeza. Asiyefanya hivyo anaacha maji ndani ya beringi.

Mtu anayetaka kufufua kigari cha namna hii hupenda kuanzia kwenye injini, kwa sababu mngurumo unatia moyo. Ukiniuliza mimi, hilo ni kosa. Toa injini, iweke kando, kisha shuka chini. Kwanza chota uchafu wote mpaka uone sakafu. Fremu ya chuma mara nyingi imelala juu ya plastiki ya beseni, na kutu hupenda ule upande wa chini usioonekana. Gonga kwa nyundo ndogo kila sentimita chache: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kifuu.

Halafu zije ekseli, na hapa subira inahitajika. Ringi ya ndani ya beringi huwa imeshikamana na ekseli kwa kutu kiasi kwamba mafuta ya kulegeza kutu hayafui dafu. Kupiga nyundo kichwa cha ekseli ni kukitanua, na baada ya hapo haipiti tena kwenye beringi yoyote. Njia salama ni kuikata ringi kwa grinda, polepole, mpaka ibaki ngozi nyembamba ya chuma, kisha kuweka patasi kwenye mkato na kugonga mara moja. Ringi inapasuka kwa mlio mkavu, ekseli inabaki bila kovu. Habari njema ni kwamba beringi na cheni za vigari vingi hivi ni za vipimo vya kawaida vya viwandani, hivyo hupatikana hata kama kiwanda kilichounda kigari kilifungwa zamani.

Na viwanda vingi vilifungwa. Wakanada walitangulia na Jiger mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakafuata Argo mwaka 1967, na Marekani ikatoa Attex, Max na wengine. Mwaka 1970 Honda ikaleta pikipiki yake ya matairi matatu manene, nyepesi na rahisi kutunza, na wanunuzi wengi wakahamia huko. Argo ni miongoni mwa wachache waliodumu.

Cheni zenyewe zinaumia kwa sababu ya namna kigari kinavyokata kona. Magurudumu hayakunji. Kila upande una cheni zake, na vingi vina leva mbili mbele ya dereva. Akivuta ya kushoto, upande wa kushoto unakamatwa na breki huku wa kulia ukiendelea kusukuma, na kigari kinageuka kwa kuburuza matairi kiubavu. Mzigo wa kuburuza huko wote unapita kwenye cheni. Cheni hairefuki kwa chuma kuvutika kama watu wanavyodhani. Ni pini na bushi zake zinazolika, kidogo kidogo katika kila kiungo. Nyingi ni namba 50, yenye takriban milimita 15.9 kutoka pini hadi pini. Ivute inyooke mezani, pima nafasi 20: ikiwa mpya ni milimita 317 na nusu. Ikifika 327, itupe. Cheni iliyolegea huruka meno ya spoketi, na mbaya zaidi, huchapa sakafu ya beseni mpaka ikaitoboa.

Ukikuta tundu kama hilo, usikimbilie gundi kabla hujajua plastiki ni ipi. Kwangua kipande chembamba, kitumbukize kwenye glasi ya maji. Kikielea, ni polyethylene, na hiyo haishiki gundi za kawaida. Dawa yake ni kuichomelea kwa joto na ufito wa plastiki hiyo hiyo. Kikizama, kuna uwezekano mkubwa ni ABS, ambayo unaweza kuyeyusha mabaki yake kwenye asetoni mpaka yawe uji mzito, ukapaka, vikashikana kuwa kitu kimoja. Ukitaka uhakika, choma kichembe nje, penye hewa: polyethylene inanuka kama mshumaa, ABS inatoa moshi mweusi wa masizi. Bodi za nyuzi za kioo utazitambua kwa nyuzi zenyewe.

Beseni likiwa tupu bado, lifanye shahidi wa mivujo yake. Ziba matundu ya ekseli, lipandishe juu ya magogo, lijaze maji, pangusa nje kwa kitambaa kikavu, kisha zunguka na kalamu. Kila tone linalojitokeza lizungushie duara.

Injini sasa. Nyingi za enzi hizo ni za tustroki, za kuchanganya petroli na oili. Pistoni ikiwa imejamu, mimina mafuta ya kulegeza kupitia tundu la plagi, uache siku kadhaa, ndipo uzungushe kwa mkono. Fungua kava la feni pia; panya hupenda kujenga humo, na injini inayopozwa kwa hewa haistahimili kiota. Badilisha sili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hata kama zinaonekana nzima, maana zikipitisha hewa, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa hafifu na pistoni inaungua.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye maji ya magotini, kamba ikiwa imefungwa ufukweni. Tandika gazeti kavu chini ya kila beringi, kaa robo saa, kisha soma magazeti. Lililolowa ndilo linalokuonyesha sili ya kurudia. Usidharau maji kidogo: kigari kikiinama, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuzamisha zaidi, na yakirukia mkanda unaotoa nguvu kwenye injini, unateleza na magurudumu yanaacha kuzunguka katikati ya bwawa.

Vingi vina kizibo chini ya beseni cha kumwagia maji. Kigari kikihifadhiwa, kizibo kikae nje ya tundu lake ili mvua ipite. Kifunge kwa uzi kwenye ufunguo wa kuwashia, usiweze kuwasha injini bila kukishika mkononi.